JICHO JEUPE LISIKUDANGANYE

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeiandikia insha tangu shule ya msingi mpaka tukaichoka. Wengi wetu hutunga kisa cha mtoto aliyeanza kwa kuiba penseli, akaiba kuku, na mwishowe akaishia jela. Mimi leo nina kisa kingine. Ufa wangu haukuwa wa tabia wala wa nyumba. Ulikuwa ndani ya uso wangu, chini ya jicho la kushoto, na urefu wake haukuzidi ukucha wa kidole cha mwisho.

Wapenzi wasomaji, tangu nirudi shuleni maswali hayaishi. "Ati walikutoa jicho wakaliweka mezani?" "Ati hilo ulilo nalo ni la mbuzi?" Jamani, hapana! Ndiyo maana wenzangu chamani wakaniomba niyaandike yote hapa, ili mjue yaliyotendeka, na zaidi ya hayo mjue la kufanya siku yatakapompata mwingine. Mengi ya nitakayoeleza niliyapata kwa daktari aliyenipasua, ambaye hakuchoka na maswali yangu, na mengine nikayatafuta mwenyewe baada ya kupona.

Siku ya michezo

Ilikuwa Jumatano jioni, muhula wa pili, mwaka 2025. Sisi wa Kidato cha Pili tulikuwa tunacheza na wakubwa wetu wa Kidato cha Tatu. Uwanja wetu mnaujua: upande mmoja ni kilima, na upande wa pili mpira ukitoka huteremka mpaka kwenye matuta ya mahindi ya jirani. Ikapigwa kona. Nikaruka kuupiga mpira kwa kichwa, na beki mmoja naye akaruka (simtaji, kwa maana hatukugombana na mpaka leo ni rafiki yangu). Kiwiko chake kikanipata pa! kwenye jicho. Niliona nyota mchana.

Nikaanguka, nikainuka. Wenzangu wakanizunguka, wakanikagua. "Aa, hakuna kitu. Hata halijavimba." Kweli halikuwa limevimba. Hakukuwa na damu, wala wekundu, wala jeraha. Jicho lilikuwa jeupe kama maziwa. Nikaambiwa niache uoga, nikaendelea kucheza kama dakika tano hivi, kisha nikaketi kando kwa kuwa tumbo lilikuwa linanichafuka.

Wakati wa chakula cha jioni sikuweza kula hata punje ya githeri. Nikatapika. Nikatapika tena. Jasho jembamba likanitoka ingawa mnajua baridi ya Kilungu jioni ilivyo. Mwalimu wa zamu akanipeleka kwenye kliniki iliyokuwa karibu, nikapewa dawa ya maumivu na kuambiwa kichwa kimetikisika, nikalale. Usiku nililala kitanda cha chini, na kila nilipoinua macho kutazama mbao za kitanda cha juu, maumivu yalinichoma na kichefuchefu kikarudi. Nikagundua kwamba nikitazama chini nilipata nafuu. Basi nikalala nikitazama miguu yangu.

Asubuhi somo la kwanza lilikuwa Kiswahili. Mwalimu aliandika sentensi moja ubaoni, mimi nikaona mbili, moja juu ya nyingine. Nikainua kidevu ili nizione vizuri.

"Wee! Mbona unainua shingo kama kuku anayekunywa maji?" Mwalimu akauliza.

Darasa zima likaangua kicheko. "Mwalimu, naona maandishi mawili mawili," nikajibu, na kicheko kikazidi. Lakini Mwalimu hakucheka. Alikuja mpaka kwenye dawati langu, akashika chaki mbele ya pua yangu. "Usisogeze kichwa. Fuata chaki kwa macho tu." Akaipeleka kulia, akaipeleka kushoto, akaishusha. Kisha akaipandisha. Mwenzangu niliyeketi naye ndiye aliyepiga kelele: "Mwalimu! Jicho moja limepanda, jingine limebaki!"

Kicheko kikaisha. Mwalimu akaniambia nichukue sweta yangu tuondoke.

Nyumba ya jicho

Kabla sijaendelea na safari, hebu tuione nyumba ambamo jicho linaishi, maana bila hiyo hamtaelewa ni nini kilichoshikwa.

Jicho limekaa ndani ya tundu lililojengwa kwa mifupa 7 iliyoungana. Katika mtu mzima, tundu hilo lina nafasi ya mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vikubwa vya mezani. Jicho lenyewe ni kama mililita 7 tu, zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Nafasi iliyobaki imejaa mafuta laini, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, na misuli 6 inayolizungusha jicho.

Ukipapasa ukingo wa tundu hilo kwa kidole utasikia mfupa mgumu: nyusi juu, shavu kwa nje, pua kwa ndani. Ukingo huo ni kama fremu ya mlango. Lakini kuta zilizo nyuma ya ukingo ni habari nyingine kabisa! Sakafu yake ni nyembamba kama nusu milimita, na ukuta wa upande wa pua ni mwembamba zaidi, kama ganda la yai. Wataalamu wa zamani waliuita ukuta huo kwa Kilatini jina lenye maana ya karatasi. Chini ya sakafu hiyo hakuna mfupa mwingine. Kuna chumba kitupu chenye hewa, kilicho nyuma ya shavu. Ni chumba kilekile kinachojaa makamasi na kutuuma wakati wa mafua makali.

Sasa kitu kikikupiga usoni, kama vile ngumi, mpira wa hoki au kiwiko cha beki, fremu huweza kusalimika, ila msukumo ukaenda nyuma na sakafu ikapasuka kuelekea kwenye kile chumba cha hewa. Wengine hueleza kwamba ni ukingo wenyewe unaopinda kidogo na kuivunja sakafu. Mambo hayo mawili huweza kutokea pamoja. Kwa namna fulani huo ni ulinzi, kama fyuzi ya stima inavyokatika ili redio isiungue. Sakafu huvunjika, na mara nyingi jicho lenyewe likabaki zima.

Kijiti kibichi na kijiti kikavu

Hapa ndipo penye jambo ambalo kila mwanafunzi na kila mwalimu anapaswa kulijua.

Chukua kijiti kikavu ukivunje. Kitakatika vipande viwili. Chukua kijiti kibichi, kitapinda, kitapasuka kidogo, na ukikiachilia kitajirudi. Mifupa ya mtu mzima ni kama kile kikavu. Ikivunjika sakafu ya jicho, huachana na kuacha shimo, na uso huvimba na kuwa mweusi, kila mtu akajua pana jambo. Mifupa ya watoto na vijana wa umri wetu ni kama kijiti kibichi. Sakafu hupasuka, hufunguka kama mlango mdogo kwa sekunde moja, halafu hujifunga papo hapo. Katika sekunde hiyo mafuta na msuli wa chini wa jicho huwa vimechungulia nje. Mlango unapofunga, huvibana, mithili ya kidole kilichobanwa na mlango wa gari.

Ndiyo maana jicho langu halikupanda. Msuli wa chini ulikuwa umebanwa kwenye ufa, na jicho likawa kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi: aweza kula majani ya karibu, lakini ya mbali hayafikii. Jicho moja likipanda na jingine likibaki, ubongo hupata picha mbili zisizolingana, nawe waona vitu viwili viwili.

Je, kutapika nako kunatoka wapi? Msuli wa jicho ukivutwa au kubanwa, habari hupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na ubongo hujibu kwa kupunguza mapigo ya moyo na kuchafua tumbo. Madaktari wamelijua jambo hili tangu mwaka 1908. Kwa hivyo kijana aliyepigwa jichoni anatapika, mapigo yake yako chini, na jicho lake ni jeupe. Ni rahisi sana mtu kudhani ni kichwa kilichotikisika, au malaria, au anajisingizia ili akwepe masomo. Mwaka 1998 kundi la madaktari wa macho liliandika kuhusu wagonjwa wa namna hii, likayapa majeraha haya jina la "jicho jeupe", ili wenzao wasidanganyike na jicho lisilo na uvimbe.

Udanganyifu huo una bei. Msuli uliobanwa haupati damu ya kutosha. Ukikaa hivyo kwa siku nyingi sehemu yake hufa, mahali pake pakaota kovu gumu, na mtu akaweza kuona viwili viwili maisha yake yote. Kwa sababu hiyo kijana wa namna yangu hutakiwa kupasuliwa haraka, ikiwezekana ndani ya saa 24 hadi 48.

Kutoka Kilungu hadi Nairobi

Hospitalini afisa wa kliniki hakuniuliza mengi. Aliniziba jicho moja, akanisomesha herufi, akaziba la pili. Akanifuatisha kidole. Akanigusa mashavu yote mawili kwa pamba, nami nikashangaa kwamba la kushoto, na mdomo wa juu upande huo, vilikuwa na ganzi kana kwamba nimetoka kung'olewa jino. Kumbe mshipa wa fahamu wa shavu hupita ndani ya ile sakafu! Akanipima mapigo ya moyo: 48 kwa dakika, ilhali mtu aliyetulia huwa na kati ya 60 na 100. Akaandika barua ya kunituma Nairobi, na juu yake akaandika neno moja kwa herufi kubwa: HARAKA.

Mama tulimkuta Nunguni, amejifunga leso, kitambulisho mkononi. Susu alikuwa kwenye simu anasisitiza nirudishwe nyumbani akanikande kwa maji moto na chumvi. "Susu, hili halikandwi," Mama akamwambia kwa upole. Tukateremka milima ile yenye kona nyingi hadi Salama, tukaingia barabara ya Mombasa. Kila gari lililotujia niliona mawili, nikafumba macho mpaka tukafika.

Jambo moja lililotusaidia ni kwamba Baba alikuwa ameshatuandikisha SHA, ile bima iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Hatukupoteza saa za kutafuta karatasi. Wazazi ambao hawajafanya hivyo, tafadhali msingoje kona ipigwe.

Nikapigwa picha ya CT. Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa yote ya uso imelaliana, na ufa mdogo hupotea humo. CT hukata picha ya kichwa vipande vyembamba kama mkate, na kila kipande kikatazamwa peke yake. Mashine hii ilitengenezwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, Afrika Kusini, aliyekuwa amepiga hesabu zake. Wale wanaouliza hisabati ina faida gani, jibu ndilo hilo.

Daktari alimwonyesha Mama picha. Sakafu ilionekana karibu nzima. Lakini chini yake, ndani ya chumba cha hewa, palining'inia kitu kidogo kama tone la machozi. "Hilo tone," akasema, "ndilo msuli na mafuta ya mwanao."

Ndani ya chumba cha upasuaji

Mama alitia sahihi. Alielezwa bila kufichwa kwamba upasuaji wowote karibu na jicho una hatari zake, hata ya kupoteza kuona, ingawa hiyo hutokea mara chache sana; na kwamba kuacha kupasua nako kulikuwa na hatari kubwa zaidi. Ijumaa saa tatu asubuhi, saa 40 hivi tangu kona ipigwe, nikapewa nusukaputi.

Haya ndiyo waliyonifanyia. Jicho halikutolewa! Daktari alivuta kope ya chini, akakata upande wa ndani, pale pekundu. Ndiyo maana mkinitazama hamuoni kovu. (Madaktari wengine hukata kwa nje chini ya nywele za kope, na kovu lake hufifia likafanana na kunyanzi la ngozi.) Kabla ya kukata alishika jicho kwa koleo ndogo sana na kujaribu kulizungusha juu. Likagoma. Hicho ni kipimo cha kuthibitisha kwamba limeshikwa, wala si kwamba mshipa wa fahamu umelala.

Kisha akashuka hadi kwenye ukingo wa mfupa, akaifuata sakafu kuelekea nyuma mpaka penye ufa. Msuli hauvutwi kwa nguvu, maana utachanika. Ufa hupanuliwa kidogo, msuli ukainuliwa taratibu ukarudi mahali pake. Akalishika jicho tena kwa koleo, akalizungusha. Mara hii likapanda lenyewe kama kwamba halijawahi kufungwa. Mwishowe akatandika juu ya ufa kipande chembamba cha plastiki ya hospitali, ya aina inayoyeyuka yenyewe mwilini, ili msuli usitumbukie tena. Yote hayo yalichukua kama saa moja na nusu.

Nilipozinduka, muuguzi alikuwa ananimulika tochi jichoni na kuniuliza vidole ni vingapi. Alirudi kila baada ya muda mfupi usiku kucha. Nilichukia, lakini nilielezwa sababu: damu ikivuja nyuma ya jicho baada ya upasuaji, huweza kuubana mshipa wa kuona. Lazima igunduliwe mara moja.

Jirani yangu wa wodini

Kitanda cha pili kulikuwa na mwendesha bodaboda wa umri wa miaka 30 hivi. Alikuwa ameteleza kwenye barabara ya changarawe akaangukia jiwe. Kofia yake ya usalama ilikuwa imening'inia kwenye usukani, si kichwani. Mfupa wake wa shavu ulikuwa umevunjika ukasukumwa ndani, na sakafu ya jicho ikawa na shimo pana. Alilalamika kwamba mimi niliyekuja juzi nimepasuliwa, naye ana siku nane anangoja. "Kijana, au baba yako ni mkubwa serikalini?" akaniuliza. Tukacheka, ingawa yeye kucheka kulimuuma.

Daktari alitufafanulia. Mtu mzima ambaye msuli wake haukubanwa hasa huweza kungoja uvimbe upungue, maana ndani ya uvimbe mpasuaji haoni vizuri, wala hawezi kujua jicho limezama kiasi gani. Lakini hangoji milele: mara nyingi hufanywa ndani ya wiki mbili, kabla kovu halijashika na mfupa kuungana vibaya. Aidha, si kila mvunjiko hupasuliwa. Ufa mdogo, jicho likizunguka vizuri, lisipozama na mtu asipoona viwili, huachwa ukapona wenyewe huku ukiangaliwa.

Yeye alipopasuliwa, shavu liliinuliwa kwanza. Njia moja inayotumika mpaka leo ilielezwa mwaka 1927 na Harold Gillies na wenzake. Hukatwa tundu dogo ndani ya nywele juu ya sikio, chuma bapa kikapitishwa chini ya mfupa wa shavu, na mfupa ukainuliwa kama mtu anavyonyanyua jiwe kwa mtaimbo. Kisha mifupa hushikwa kwa vibati vidogo vya titani na skrubu ndogo sana. Titani haipati kutu, na mwili huivumilia, hivyo hukaa humo maisha yote. Shimo la sakafu huzibwa kwa wavu wa titani, au plastiki maalumu, au kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe kilichotolewa kwenye nyonga, ubavu au fuvu.

Ujuzi huu ulitoka wapi?

Sehemu kubwa ya ujuzi huu, wasomaji wapenzi, ilizaliwa na vita. Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwatengeneza nyuso askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1917. Binamu yake, Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua katika Vita vya Pili.

Mwaka 1957 madaktari wawili wa Marekani, Byron Smith na William Regan, walieleza jinsi sakafu ya jicho inavyovunjika na kumbana msuli. Kuthibitisha, waliweka mpira mgumu wa mchezo wa Kiirishi uitwao hurling juu ya jicho la maiti, wakaugonga kwa nyundo. Sakafu ikapasuka, ukingo ukabaki mzima. Basi ni mchezo tena, kama wangu!

Mwaka huohuo wa 1957, huku kwetu Afrika Mashariki, McIndoe huyohuyo pamoja na Michael Wood na Mmarekani Tom Rees, wote watatu wapasuaji wa kurekebisha viungo, walianzisha huduma ya Madaktari wa Ndege iliyokuja kuwa AMREF. Waliona kwamba mgonjwa wa mbali hafi kwa kukosa ujuzi duniani, bali kwa ujuzi huo kuwa mbali naye. Siku hizi wapasuaji wa taya na uso husomeshwa papa hapa, katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Huanza kwa kusomea udaktari wa meno, kisha huendelea na shahada ya pili. Nani katika darasa letu atakuwa wa kwanza?

La kufanya

Sasa nisikilizeni kwa makini, hasa manahodha wa timu, viranja na walimu wa zamu.

Kwanza, mwenzenu akipigwa jichoni msitosheke na weupe wa jicho. Fanyeni alivyofanya Mwalimu wetu. Kichwa kisisogee, afuate kidole juu, chini, kulia na kushoto. Mulizeni: waona kitu kimoja au viwili? Shavu au mdomo wa juu una ganzi? Watapika? Jibu moja baya latosha kumpeleka hospitalini siku hiyohiyo, na mumwambie daktari wazi kwamba jicho halipandi.

Pili, asipenge kamasi, hata damu ikimtoka puani. Sakafu ikiwa na ufa, hewa kutoka puani hupenya ikalivimbisha jicho kwa ghafla. Akitaka kupiga chafya, apige kinywa kikiwa wazi. Mimi nilikatazwa kupenga kwa wiki kadhaa.

Tatu, msikande wala kutia maji moto, maziwa au majani. Kitambaa cha maji baridi juu ya shavu chatosha. Ikiwa jicho lenyewe limechanika au mboni imekaa upande, msiliguse kabisa. Lifunikeni kwa kitako cha kikombe cha plastiki kilichokatwa, kiegemee mifupa ya ukingo bila kuligusa jicho.

Nne, jicho likitokeza nje, likawa gumu kama jiwe, na mtu akasema giza linaingia, hapo si jambo la saa tena, ni la dakika. Damu inaubana mshipa wa kuona, na baada ya saa moja na nusu hivi madhara huweza kuwa ya kudumu. Daktari hukata kidogo kwenye pembe ya nje ya jicho ili kupunguza msukumo. Kimbieni kwa hospitali iliyo karibu, msingoje gari la Nairobi.

Tano, mkipanda bodaboda vaeni kofia. Sheria yetu yamtaka dereva na abiria wote wawili waivae. Na iwe ile inayofunika uso, kwani ile ya kufunika utosi tu hulinda utosi tu.

Tamati

Nilirudi shuleni baada ya wiki tatu. Kuona viwili viwili kulipungua siku kwa siku, kama ukungu wa Kilungu unavyotoweka jua likipanda. Ganzi ya shavu ilichukua miezi minne. Leo nasoma ubao vizuri, nacheza mpira, ila nikitazama juu kabisa, kwa mfano nikitafuta parachichi lililoiva kileleni, bado naona mawili. Daktari alisema huenda hilo likabaki. Nimelikubali. Mwenzangu yule beki huniambia kwamba nina bahati, naona matunda mengi kuliko yeye.

Huwa nawaza, je, kama somo la kwanza Alhamisi ile lingekuwa jingine, la kusoma vitabuni tukiwa tumeinamisha vichwa? Nisingeinua kidevu, na hakuna ambaye angegundua. Wangeniona nimenyamaza tu, jicho jeupe, wakaniambia nitapoa. Kwa hivyo mtu akikuambia hajisikii vizuri, mtazame kabla ya kumcheka.

Kwa hayo mengi, nawaaga. Ufa wangu uliwahiwa ungali ufa. Wako nawe uuwahi.